Mto Unaokuja Baada ya Mvua

Tarehe 9 Februari

Wifi yangu,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua hii nimeianza mara nyingi. Mara ya kwanza kichanga aliitapikia, mara nyingine nikasinzia juu yake nikaamka na wino shavuni. Si kwamba nimekusahau. Anayenilelea mtoto nitamsahauje?

Nakuamkia kwa heshima, na shemeji namwamkia huko kwenye tanuri lake la chokaa. Natumaini moshi haujamrudishia kile kifua. Sisi huku wazima. Kaka yako bado yuko safarini, wanachomea vyuma vya paa la ghala jipya. Mara moja kwa mwezi anarudi ananuka moto, analala kutwa, anaondoka. Kichanga sasa anakaa mwenyewe ukimwekea mto nyuma. Yule aliyezaliwa mdogo kama kiatu, wifi, mpaka muuguzi akaniambia nisiwe na haraka ya kumpa jina, leo ana mashavu ya kumwazima mtu. Na mimi nimerudi kazini, kwenye kile chumba cha washonaji nyuma ya soko. Kazi yangu ni matundu ya vifungo, asubuhi mpaka jioni. Bosi hanijui kwa jina, ananiita Tundu. Mama wa chumba cha pili ananishikia mtoto, nami namfulia.

Sasa neno lenyewe. Kaka yako alikuletea mwanangu Chiriku nilipolazwa hospitali kujifungua, tukakubaliana akae kwako mpaka nipate nguvu. Nguvu nimezipata. Si nyingi, lakini zinawatosha watoto wawili. Kuna shule ya watoto wadogo mtaa wa pili, wanaandikisha mwezi wa tano, na mwalimu nimeshaongea naye. Nitakuja kumchukua. Usihangaike kumleta, nitatembea mwenyewe bondeni kutoka darajani. Nilishapita siku ile nilipoletwa kutambulishwa kwenu.

Niambie, amekua kiasi gani? Bado analia akioshwa kichwa? Ananitaja? Ananiita nani?

Ningepiga simu, ila kwenu haishiki, majabali yanaimeza. Barua nampa Breki, dereva wa lori la chokaa, ataiacha kwa mama wa duka la darajani kama siku zote.

Wifi yako anayekushukuru.


Tarehe 3 Machi

Mke wa kaka,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Tumeisoma. Salamu nimempa mume wangu, akasema, "Kumbe yupo hai." Hayo ni yake, mimi sikusema kitu.

Sisi tupo. Kifua chake kipo palepale. Punda mmoja amekufa, yule mwenye sikio lililochanika, kwa hiyo chokaa yote ya kuteremsha darajani inakwenda kwa migongo ya wawili waliobaki, na mmoja ni mvivu kama kaka yangu. Nyumba tumeipaka upya nyeupe, ndani na nje. Chiriku amepaka chumba chake mwenyewe mpaka pale mkono wake unapofika. Ndiyo, ana chumba chake. Kitanda pia anacho, mume wangu alimtengenezea. Kwenu najua ni chumba kimoja na pazia. Sisemi vibaya, nasema tu.

Amekua. Viatu alivyokuja navyo haviingii hata vidole. Kichwa anaoshwa na halii. Kula anakula.

Kuhusu kuja kwako, usije. Mvua za milimani zimeanza, na mto ukija bonde linajifunga, watu hawapiti. Wewe ulipita humo mara moja tu, umevaa viatu vya kisigino, umeshikwa mkono na mume, mnachekacheka. Huko si kulijua bonde. Ngoja kiangazi kikolee. Shule hata huku ipo, nyuma ya kilima, na mwalimu wake ni mtu mzima, si hawa wasichana wenu wanaofundisha huku macho yapo kwenye simu.

Mtoto ametulia. Mwache atulie.

Nimeandika kwa wema.

Wifi yako.


Tarehe 21 Machi

Wifi,

Salamu kwenu wote, na pole kwa punda. Sisi wazima. Kichanga ameota jino, na wa kwanza kung'atwa nimekuwa mimi.

Barua yako niliisoma kazini nikashona tundu la kifungo mahali pasipo na kifungo. Unasema mto ukija watu hawapiti. Breki naye anasema huko kwenu mvua ilianza kumwagika siku nyingi kabla ya barua yako. Sasa barua yako ilipitaje? Iliogelea? Au mto wenu unazuia mama za watu tu, barua unaziruhusu?

Nimemweleza kaka yako. Unajua alichosema? "Msinitie katikati." Nikamwambia, katikati upo tangu siku uliyonioa, baba, sogea upande mmoja. Akajifunika shuka.

Ndiyo, ni chumba kimoja na pazia. Pazia nimelishona mwenyewe na lina upindo mara mbili. Nyuma yake nafasi ya Chiriku ipo, upande wa ukutani, usiopigwa na upepo wa mlango. Godoro limeshaletwa. Kila nikifagia nafagia na chini yake, kama vile kuna mtu amelala.

Swali langu hukulijibu. Niliuliza ananiita nani. Ni swali dogo, halihitaji kiangazi.

Mvua ikikatika, nakuja. Sikuombi ruhusa, nakuarifu ili umwandae. Mwambie mama yake anakuja. Mwambie kwa maneno hayohayo.

Mama Chiriku.


Tarehe 15 Aprili

Mama Chiriku,

Kwa kuwa ndivyo unavyojiandika siku hizi, nami nakuita hivyo.

Sisi wazima. Tanuri tumeshalipanga mawe, tunangoja kuni zikauke tuwashe. Tukiwasha haliachwi, usiku wala mchana, tunapokezana mimi na yeye kulilisha. Moto ukilegea katikati, mawe yanabaki nusu mawe nusu chokaa, hayafai kujengea wala kupakia, ni ya kumwaga. Nakwambia ili usije kwa kushtukiza ukadhani kuna mtu wa kukuandalia chai.

Barua haikuogelea. Iliteremshwa na mchunga mbuzi kwa njia ya juu, kwenye midomo ya majabali, ambako hata mbuzi huutazama mguu wake kabla ya kuuweka. Pita huko na mtoto mgongoni, nikuone.

Na nikueleze mto wetu ulivyo, ukitaka kucheka cheka. Mto huu hauji na mvua. Unakuja baada ya mvua. Mvua ya milimani inazama ndani ya mawe, inatembea huko chini kwa chini, haionekani. Kisha siku jua linawaka, mchanga umekauka, watu wameanika nguo, ndipo maji yanapanda kutoka chini ya kokoto. Huyaoni yakija kutoka mahali. Yanatokea hapohapo uliposimama. Kwa hiyo mvua ikikatika ndiyo usije. Njoo mwezi wa saba. Najua mwezi wa saba shule yako itakuwa imefunga kuandikisha. Mwezi wa saba sikuuweka mimi.

Umeuliza unaitwa nani. Na mimi nauliza, mwaka mzima ulikuwa wapi? Mwanzoni mtoto huyu alikuwa anakaa kwenye jiwe la mlangoni kila punda wanapotoka bondeni, akidhani nyuma yao upo wewe. Akawa anawahesabu wakipita, kisha anatazama njia tupu. Siku moja akaacha kukaa. Siku hiyo sikukuandikia, ningeandika nini? Mdogo wake alikuwa mgonjwa, sawa. Na alipopona? Kaka alisema ulikuwa ukikaa tu, umetazama ukuta. Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza.

Wifi.


Tarehe 11 Mei

Wewe,

Leo sina salamu.

Umeingia kwangu nikiwa na koleo mkononi na moto mgongoni, ukamkwapua mtoto kama kuku wa sokoni. Mwizi mkubwa. Hata nguo zake hukuchukua. Tanuri limelala. Niliacha zamu yangu kukukimbilia, na mume wangu na kifua kile hakuweza kulilisha peke yake. Kazi ya msimu mzima ni nusu mawe nusu chokaa, tunaimwaga kwa toroli.

Nilikuandikia kwa maneno mepesi kabisa kwamba mto unakuja baada ya mvua. Ulisoma nini? Au ulitaka azame ili tukose wote?

Kiangazi nakuja kumchukua. Mlango uwe wazi.

Nijibu jambo moja tu. Alifika mzima? Amekohoa? Alilowa kifua? Jibu hilo, mengine kaa nayo.


Tarehe 19 Mei

Wifi,

Alifika mzima. Hajakohoa. Kifua hakikulowa, ni miguu tu, nikaisugua na kuifunga kwa shali langu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua umeruka mistari kulitafuta.

Sasa salamu. Nakuamkia, na shemeji mpe pole nyingi. Kichanga mzima. Kaka yako amerudi, amemkuta Chiriku godoroni, akasema, "Ah, amekuja," kama aliyekuta mkate mezani.

Unaniita mwizi. Mwizi hupita amejificha. Mimi nilipita katikati ya bonde lenu jua likiwa utosini, na nataka ujue nilivyopita.

Breki alinishusha darajani asubuhi. Mama wa duka akaniambia, "Ukienda nenda upesi, na kurudi urudi kwa njia ya juu." Nikacheka moyoni. Nikasema huyu naye wifi amemfundisha la kusema. Mvua ilikuwa imekatika siku nyingi, vumbi lilikuwa limeanza kuruka barabarani. Nikavua viatu, nikashuka mtoni, na mto haukuwepo. Kulikuwa na mawe meupe tu, yamelala kama vyombo vilivyooshwa. Hata pale kwenye vidimbwi palibaki ukoko mweupe unaovunjika ukiukanyaga. Majabali kushoto na kulia yana matundu matundu kama mkate ulioumuka, mizizi inaning'inia hewani ikitafuta udongo isiupate. Kuna pango moja linalotoa baridi, ukipita mbele yake ni kama mtu amefungua mlango. Kichanga mgongoni aliamka hapo, akapiga chafya, akalala tena. Palikuwa pazuri, wifi. Nasema kweli, palikuwa pazuri mno, na mimi sikutaka pawe pazuri. Kila jiwe kavu nililokanyaga nilisema, mwongo. Jiwe jingine, mwongo. Nimekuita mwongo kutoka darajani mpaka mlangoni kwako.

Nyumba yenu inang'aa mpaka inaumiza macho. Ulikuwa kwenye tanuri umejifunga kitambaa usoni. Chiriku alikuwa chini akikupangia kuni, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Nikasema, "Chiriku, mama nimekuja." Hakunikimbilia, na sikutegemea anikimbilie. Alimtazama kichanga, akatazama miguu yangu yenye vumbi, kisha akakutazama wewe, kukuuliza kama ni kweli.

Nawe ukamjibu, "Huyo ni mgeni kutoka mjini. Msalimie."

Wifi, ungesema lolote jingine ningekaa. Nilikuja nimejiandaa kulala kwenu. Nilijiambia nitakusaidia kulisha moto mpaka uishe, tuongee taratibu, azoee kuniona ndipo tuondoke. Kwenye mfuko nilikuwa nimekuletea kitambaa cha gauni. Ukasema mgeni. Nikamshika mkono nikageuka. Aliniuma hapa juu ya kiwiko, na alama bado ipo. Sikumwachia.

Nilikusikia nyuma ukiita. Nikajua unakuja kuninyang'anya. Ulivyozidi kuita ndivyo nilivyozidi kukimbia, kichanga mgongoni anaruka kama gunia, Chiriku nusu anatembea nusu namburuta. Tulipofika pale majabali yanapokaribiana nikasikia sauti chini ya miguu. Kama mtu anasukutua mdomo. Nikatazama, nikaona jiwe kavu limekuwa jeusi, na jingine, na jingine. Juu mbingu haina hata wingu la kufunika kiganja.

Chiriku akachomoa mkono. Nikadhani anakimbilia kwako. Hapana, alipanda jabali kwa mikono na magoti kama mtoto wa paka, akageuka akanifokea: "Panda! Yanatoka! Wewe, panda!" Ni wewe uliyemfundisha. Hilo sitakunyima. Nikapanda. Nilipomaliza kukaza kitambaa cha kichanga, maji yalikuwa yamefika pale kifua changu kingekuwa. Meupe, baridi, hayana hata tope. Kelele zilianza baadaye, maji yalipobanwa pale majabali yanapokaribiana.

Wewe ukatokea ng'ambo. Ukapiga kelele, nikapiga kelele, hakuna aliyemsikia mwenzake. Tulifanana na wendawazimu wawili wanaogombania mto. Ndipo Chiriku akaogopa, akaita, "Mama!"

Tukaitika wote wawili.

Sasa jibu ninalo, na sitakuuliza tena.

Kisha ukaanza kupunga mkono, juu, juu, kama anayefukuza kuku. Nikadhani unanifukuza. Nilichelewa kuelewa kwamba unanionyesha njia ya mbuzi. Ukawa unatembea upande wako, sambamba nasi, ukininyooshea kidole: hapo, hapo siyo, shika mzizi huo, kaa kwanza, mtoto atangulie. Nikatii. Tangu niolewe sijawahi kukutii, wifi, siku ile nilitii kila kidole. Tulipofika pale njia inapogawanyika niliona mkono mmoja wa njia unarudi juu kwenu. Niliuona vizuri. Ungenionyesha huo ningeufuata, ningefanya nini, njia sikuijua. Ulisimama kidogo. Halafu ukanyoosha kidole upande wa daraja.

Kwa hiyo unaponiandikia kwamba kiangazi unakuja kumchukua, mimi nakikumbuka hicho kidole.

Kuhusu tanuri, sina la kujitetea. Pole.

Unauliza mwaka ule nilikuwa wapi. Nilikuwa hapahapa.

Mama Chiriku.


Tarehe 8 Juni

Mke wa kaka,

Tumepata barua. Sisi wazima. Mume wangu anasema mawe hayajaisha duniani, tutapanga tanuri jingine. Anakusalimu. Mimi sijamtuma.

Nilikuonyesha upande wa daraja kwa sababu ulikuwa karibu. Na ile njia ya kwetu ina jiwe lililolegea. Usijipe maana.

"Mgeni" nilisema, ndiyo, na sifuti. Mtu akikaa mwaka bila kukanyaga mlango wako, akija unamwitaje?

Mlipoondoka nilibaki pale mpaka mkapotea. Maji yalikuwa yakipanda, nikarudi kwa njia ya mbuzi. Nilikuta moto umekufa, na mume wangu amekaa chini ameshika kifua. Nikamwambia wamepita salama. Akasema, "Basi." Nikamwinua, nikamwingiza ndani.

Nilichokuwa nikikupigia kelele siku ile ni matusi. Mengine sikujua kama ninayajua. Ni heri maji yalikuwa na kelele, mtoto angesikia.

Sasa nijibu. Analala? Analala bila kuguswa mgongo? Kwa sababu bila kuguswa mgongo halali, anajifanya tu. Anakula? Shule wamemchukua? Huyo mwalimu anapiga?

Chumba chake sijakigusa. Mume wangu huingia humo mchana kupumzika, anasema hewa yake inamfaa kifua. Mimi siingii.

Kiangazi sitakuja. Tuna tanuri la kurudia kujaza. Sijasema umenishinda.

Wifi.


Tarehe 30 Juni

Wifi,

Nakuamkia, na shemeji. Kichanga amesimama jana kwa kushika pazia, pazia likaja lote. Mama wa chumba cha pili ameumwa wiki hii, nimekwenda kazini na mtoto chini ya meza ya cherehani. Bosi akasema, "Tundu, umeleta kifungo?" Watu wakacheka mpaka wakakosea kukata. Nimechoka, lakini si kule kuchoka kwa zamani.

Shule wamemchukua. Mwalimu hapigi. Anasema Chiriku anawasahihisha wenzake na yeye mwenyewe. Wakichora mto anakataa kupaka rangi ya buluu, anaacha karatasi nyeupe na kusema maji yapo chini.

Siku za mwanzo hakuongea nami kabisa. Aliongea na kichanga, akimwambia kila kitu ambacho mimi nilipaswa kukisikia. "Mwambie sitaki. Mwambie nataka kwenda nyumbani." Nilikuwa nikimjibu kichanga: "Mwambie dada yako nyumbani ndipo hapa." Sasa ananiongelesha mwenyewe. Mama hajaniita. Ananiita "wewe". Wewe, nipe maji. Wewe, nifunge kamba. Naitika, nampa maji, nafunga kamba. Mgongo namgusa, tangu uliponiandikia. Kweli, alikuwa anajifanya.

Na nilichokuwa nikikupigia kelele siku ile, nilikuwa nakwambia usiingie. Ulikuwa umeshatia mguu mmoja majini.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitaliandika mara mbili. Kukaa kwenu hatarudi. Likizo ya kiangazi nitamleta mwenyewe, atalala kwenye kitanda chake, nami nitalala humohumo chini, na tutarudi pamoja. Mbele yake hutaniita mgeni. Nami mbele yake sitakuita mwongo, ingawa lile jiwe lililolegea silisadiki. Anakuita mama. Sitamziba mdomo. Lakini ukimjibu, umjibu kama shangazi.

Mpe Breki vitu hivi, vimebaki kwako na navihitaji.

Kadi yake ya kliniki. Mwalimu anaitaka wiki hii, usiikunje.

Viatu anavyovaa sasa, si vile vya zamani.

Gauni lake la mistari. Anasema umelishona wewe na umeacha upindo wa kuteremsha. Usiuteremshe, nitauteremsha mimi.

Kigoda anachopandia kunawa uso. Beseni langu lipo juu, na kwenye ndoo hataki.

Lile jiwe lenye konokono aliyegeuka jiwe ndani yake, lililopo dirishani mwake. Analiulizia kila asubuhi.

Tambara la kulalia. Usilifue.

Na uji. Andika unautia nini, maana wangu anausukuma na kusema siyo huo. Nimejaribu mzito, nimejaribu mwepesi, nimejaribu kila nilichonacho ndani. Andika kila kitu, kinachotangulia na kinachofuata, na moto uwe wa namna gani. Usinifiche hata kimoja.